Andika ukurasa wa tovuti unaojibu swali la msomaji

Mtu anayefungua ukurasa wa tovuti mara nyingi hakuja kusoma. Ana jambo analotaka kulimaliza: kujua kama ofisi iko wazi, kujaza fomu, kuelewa barua aliyoipokea. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza alichokiona yeye na mwenzake John Morkes walipowatazama watu wakitumia tovuti: asilimia 79 walipitisha macho juu juu kwenye kila ukurasa mpya, na asilimia 16 tu walisoma neno kwa neno. Hapo simu za skrini ya kugusa zilikuwa bado hazijaenea. Sioni sababu ya kuamini kwamba kusomea kwenye skrini ndogo, tena ukiwa njiani, kumewaongezea watu utulivu.

Ushauri mwingi kuhusu maandishi ya tovuti huanzia kwenye lugha: tumia maneno mepesi, fupisha sentensi. Ni ushauri mzuri, ila unapaswa kuja wa pili. Ukurasa wenye sentensi fupi usiojibu swali alilokuja nalo msomaji bado ni ukurasa mbovu. Kwa hiyo tunaanza na swali, na kila hatua inayofuata tunaipima kwa swali hilo. Mfano nitakaoutumia ni ukurasa wa maktaba kuhusu kadi iliyopotea, kwa kuwa ni jambo dogo na kila mtu analielewa.

1. Liandike swali kabla ya kuandika ukurasa

Chukua karatasi uandike swali moja, kwa maneno ambayo msomaji mwenyewe angemwuliza mhudumu: "Nimepoteza kadi yangu, nifanyeje?" Chini yake orodhesha maswali madogo yanayolifuata. Nije na nini? Nitasubiri muda gani? Kuna malipo? Wakati nasubiri naweza kuazima vitabu? Hayo ndiyo maudhui ya ukurasa wako. Historia ya maktaba haimo. Dira na dhamira hazimo, wala salamu za mkurugenzi. Vyote hivyo vina mahali pake, lakini si hapa.

Ukijikuta na maswali makubwa mawili, una kurasa mbili. Anayetaka kujiunga kwa mara ya kwanza na aliyepoteza kadi ni watu tofauti, hata kama ofisini faili zao zinakaa kwenye kabati moja.

Usiyatoe maswali hayo kichwani mwako. Waulize wanaopokea simu na wanaokaa kaunta, kwa sababu wao huyasikia kila siku. Pitia ujumbe ambao watu wameshawahi kutuma. Angalia wanachoandika kwenye kisanduku cha kutafutia kilichomo ndani ya tovuti yenyewe. Kila neno lililotafutwa pale ni kitu ambacho mtu alikosa kukiona kwa macho. Humo utapata pia msamiati wao. Ofisi inaweza kukiita "kitambulisho cha uanachama", wao wakasema "kadi". Andika "kadi". Jina rasmi likilazimika kutokea kwa sababu za kisheria, liweke mara moja karibu na lile la kawaida, kisha uendelee na la kawaida hadi mwisho. Usibadilishe maneno kwa ajili ya kupamba: ukisema "kadi" hapa, "kitambulisho" pale na "waraka wa uanachama" kule, msomaji atadhani unazungumzia vitu vitatu.

2. Weka jibu juu kabisa

Wengi wetu tulifundishwa insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho, na mazoea hayo tumeyaleta kwenye tovuti. Matokeo yake jibu linakaa aya ya nne. Mwandishi wa habari hufanya kinyume: linalobeba uzito linatangulia, ufafanuzi unafuata, na mambo ya ziada yanakaa mwisho ambako anayeyahitaji atayafuata mwenyewe. Mpangilio huo unaufaa ukurasa wa tovuti kuliko ule wa insha, kwani msomaji anaweza kuondoka baada ya sentensi yoyote akiwa tayari amepata kitu.

Tazama aya hii, iliyoandikwa kwa mtindo tunaouona kila mahali:

"Karibu sana katika tovuti ya maktaba yetu. Maktaba yetu ni taasisi inayojivunia kutoa huduma bora na za kisasa kwa wasomaji wa umri wote. Katika jitihada za kuhakikisha kwamba huduma zinaendelea kuboreshwa, utaratibu umewekwa ambapo mwanachama ambaye kadi yake imepotea au kuharibika anatakiwa kuwasilisha ombi la kupatiwa kadi mbadala, ombi ambalo litafanyiwa kazi ndani ya siku tatu za kazi baada ya uhakiki wa kitambulisho kufanyika."

Maneno 23 ya kwanza hayana habari yoyote. Sentensi ya tatu ina maneno 41, na hata anayeimaliza hajui aende wapi, ombi liwe la maandishi au la mdomo, wala ni kitambulisho gani kinachohakikiwa. Sasa aya ileile baada ya kuanza na swali:

"Umepoteza kadi ya maktaba? Njoo kaunta na kitambulisho chenye picha. Utajaza fomu ya ukurasa mmoja, na kadi mpya itakuwa tayari ndani ya siku 3 za kazi. Ukiwa unasubiri unaweza kusomea ndani ya maktaba, ila huwezi kuazima vitabu."

Nakala ya pili ni fupi zaidi, na bado ina habari nyingi kuliko ya kwanza. Mwandishi hakuweza kuiandika bila kwenda kuuliza mambo ambayo maandishi ya awali yaliyafunika: fomu ina ukubwa gani, na mtu anaruhusiwa kufanya nini wakati anasubiri. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko popote katika mwongozo huu. Lugha nzito ya kiofisi mara nyingi huficha kitu ambacho mwandishi mwenyewe hakijui. Ukiona sentensi inakataa kufupishwa, usihangaike na maneno yake. Nenda ukaulize kwanza jambo lenyewe liko vipi.

3. Safisha sentensi

Kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza iliyozinduliwa mwaka 2012, waandishi huelekezwa wasivuke maneno 25 katika sentensi. Sisi tusiichukue namba hiyo kama ilivyo. Neno moja la Kiswahili, kama "hatutakuandikia", limebeba mtendaji, wakati, ukanushaji, mtendewa na kitendo kwa pamoja, kwa hiyo sentensi yetu ya maneno 25 ina mzigo mkubwa zaidi. Mimi nashauri ulenge maneno 15 hivi, na uanze kutilia shaka kila inayopita 20.

Mahali pa kukata hujionyesha penyewe. "Ambaye", "ambapo" na "ambalo" zikikutana katika sentensi moja, hiyo ni sentensi mbili au tatu zilizofungwa pamoja. "Ili kuweza kuhakikisha" inaweza kuondoka yote na maana ikabaki. Halafu kuna tabia ya kukifunika kitenzi kwa nomino, ambayo kwa maoni yangu inaharibu kurasa zetu kuliko kosa lingine lolote la lugha:

- Badala ya "fanya malipo", andika "lipa".
- Badala ya "wasilisha maombi", andika "omba".
- Badala ya "zoezi la usajili litaanza", andika "tutaanza kusajili".
- Badala ya "kwa ajili ya kupata ufafanuzi zaidi", andika "kama kuna usichoelewa".

Baada ya hapo tafuta vitenzi visivyo na mtendaji. "Maombi yatashughulikiwa" hakumwambii mtu nani atashughulika wala atajuaje kwamba kazi imekwisha. "Tutakutumia ujumbe wa simu kadi ikiwa tayari" kunamwambia yote mawili, na kunaibana ofisi itimize ahadi. Najua ofisi nyingine hupendelea sentensi ya kwanza kwa sababu hiyohiyo. Ikiwa ahadi haiwezekani, isitolewe. Lakini isifichwe kwenye kauli ya kutendwa.

Msemeshe mtu mmoja. Kila anayesoma yuko peke yake mbele ya skrini yake, hivyo "utajaza" kunamfikia kuliko "mtajaza" au "mwombaji atajaza". Heshima haitoweki kwa kufanya hivyo. "Tafadhali" moja mwanzoni inatosha. Ikirudiwa kwenye kila mstari wa fomu inageuka kelele.

Sharti litangulie tendo. Ukiandika "Jaza fomu hii, iwapo bado hujafungua akaunti", mwenye akaunti atakuwa ameshaanza kujaza kabla ya kufika kwenye sharti. Andika: "Kama bado huna akaunti, jaza fomu hii."

Namba ziandike kwa tarakimu, maana jicho linalopita haraka hunaswa na 3 kuliko "tatu". Tarehe iandike kwa jina la mwezi, kama 3 Aprili, kwa kuwa 3/4 kwa mwingine ni tarehe 4 ya mwezi wa tatu. Saa nazo zinatutesa kwa namna ya kipekee: maandishi yetu yanasema saa 2 asubuhi, huku kalenda ya kompyuta iliyopachikwa kwenye ukurasa uleule inaonyesha 08:00. Msomaji makini atabaki anajiuliza kama kuna nafasi mbili tofauti. Andika "saa 2:00 asubuhi (08:00)" kila panapohusu miadi. Inaongeza herufi chache tu, na inamwepusha mtu na safari ya bure.

4. Vichwa vidogo vifanye kazi ya ramani

Uchunguzi wa mwendo wa macho ambao Nielsen aliuchapisha mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wengi hupitia ukurasa kwa umbo linalokaribia herufi F: mstari wa juu karibu wote, mstari mwingine kidogo chini yake, kisha jicho linateremka upande wa kushoto. Maana yake maneno mawili ya mwanzo wa kichwa, aya au kipengele cha orodha ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuonwa.

Kwa Kiswahili hili lina mtego. Vichwa vyetu hupenda kuanza kwa namna moja: "Utaratibu wa kuomba kadi", "Utaratibu wa kurudisha vitabu", "Utaratibu wa kulipa faini". Jicho linaloteremka kushoto linaona "utaratibu wa" mara tatu na halioni tofauti yoyote. Futa mwanzo huo. "Kuomba kadi", "Kurudisha vitabu" na "Kulipa faini" vinatenganishwa kwa neno la kwanza kabisa.

Kipimo cha vichwa ni hiki: visome vyenyewe tu, bila aya zilizo chini yake. Kama mtu anaweza kukisia ukurasa unasema nini na aruke wapi, vimefaulu. "Utangulizi", "Taarifa za jumla" na "Mengineyo" havifaulu.

Orodha itumie pale ambapo vitu ni vingi na vya aina moja, kama nyaraka za kuleta, na hatua zipewe namba ikiwa mpangilio wake una maana. Hoja inayohitaji sababu iache kwenye aya. Ukiikata vipande, zile "kwa sababu" na "hata hivyo" zilizokuwa zinaishikilia zinapotea.

5. Viungo, vitufe na ujumbe wa makosa

Maandishi haya madogo hupewa umakini mdogo kuliko yote, na hapa ndipo watu hukwama na kuondoka.

Kiungo kieleze kinakompeleka mtu. "Bofya hapa" hakielezi, na kinamwumiza zaidi asiyeona. Mtu anayetumia kisoma-skrini, programu inayosoma ukurasa kwa sauti, anaweza kuiomba imsomee viungo vyote vya ukurasa kwa mfululizo, naye atasikia "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa". Andika "Pakua fomu ya kadi mpya, PDF ya ukurasa 1", na mtu ajue mapema kwamba ni faili atakayoipakua.

Kitufe kitaje tendo litakalotokea. "Tuma ombi" ni bora kuliko "Wasilisha", na bora mara nyingi kuliko "Sawa". Angalia hasa kisanduku kinachouliza "Unataka kughairi ombi lako?" kisha kikampa mtu vitufe viwili, "Ghairi" na "Sawa". Kubonyeza "Ghairi" kunaghairi ombi, au kunaghairi kughairi? Andika "Futa ombi" na "Liache lilivyo", utata wote unaisha.

Ujumbe wa makosa uwe na mambo mawili: kilichotokea na cha kufanya. "Hitilafu: taarifa batili" hauna hata moja. "Namba ya kadi ina tarakimu 8, wewe umeweka 7. Iangalie tena nyuma ya kadi" unamwezesha mtu kuendelea. Usimlaumu, na usimfutie alichokwisha kujaza. Hilo la pili ni kazi ya mtayarishaji wa programu, lakini mwandishi ndiye anayeliona mapema, kwa hiyo aliseme.

6. Yasiyoonekana kwenye ukurasa wenyewe

Kichwa cha ukurasa kinachosomwa na kivinjari na mitambo ya kutafutia huandikwa mahali pake, na mara nyingi huachwa kikisema "Mwanzo". Hicho ndicho mara nyingi mtu anachokiona kwenye matokeo ya utafutaji kabla hajaamua kukufungua. Google haijaweka kikomo cha herufi, ila hukata kisichotosha upana wa skrini, hivyo jambo lenyewe litangulie na jina la taasisi lifuate: "Kadi ya maktaba iliyopotea", halafu jina la maktaba. Usirundike maneno ya kutafutwa ndani ya aya ukidhani utapanda juu. Ukiyatumia maneno ya wasomaji kama tulivyosema mwanzoni, yatakuwamo yenyewe.

Vichwa vidogo viwekwe kwa alama zake za HTML, lugha ya kuundia kurasa za tovuti, h1 hadi h6 kwa mpangilio wake. Kukoleza wino tu hakutoshi. Kwa macho vinafanana, lakini kisoma-skrini humwezesha mtumiaji kuruka kutoka kichwa hadi kichwa ikiwa tu alama hizo zipo.

Na hili ni letu hasa: hakikisha ukurasa umetambulishwa kuwa wa Kiswahili, kwa msimbo "sw". Violezo vingi vya tovuti huja vimewekewa Kiingereza tayari, na msimbo ukibaki hivyo, kisoma-skrini kinaweza kuyatamka maneno yetu kwa sauti ya Kiingereza hadi yasieleweke. Ni mabadiliko ya herufi mbili. Mwongozo wa WCAG, ambao shirika la W3C huutoa ili tovuti zitumike na watu wote, umeliweka hitaji hili katika ngazi yake ya msingi kabisa.

Picha yenye habari ipewe maelezo mafupi ya kile inachosema; iliyo pambo tu iachiwe maelezo matupu ili kisoma-skrini kiiruke. WCAG pia inataka mng'ao wa maandishi ya kawaida na wa rangi ya nyuma yake utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe mara nyingi hakifiki hapo, na anayesoma nje kwenye jua ndiye wa kwanza kuumia.

7. Punguza, kisha mpe mtu ajaribu

Katika jaribio lao la 1997, Morkes na Nielsen waliandika tovuti ileile kwa namna kadhaa. Nakala iliyopunguzwa hadi karibu nusu ya maneno ilipata alama za utumikaji, yaani urahisi wa kuitumia, asilimia 58 juu ya ile ya awali. Iliyounganisha ufupi, mpangilio wa kupitiwa kwa macho na lugha isiyojisifu ilipanda kwa asilimia 124. Kwa hiyo "huduma bora na za kisasa" haziondolewi kwa ajili ya nafasi peke yake. Sifa za kujipa zinamlazimu msomaji achambue lipi ni habari na lipi ni tangazo, na kazi hiyo inamchelewesha.

Usome ukurasa wako kwa sauti. Unapoishiwa pumzi, kata. Unapojisikia unahutubia, andika upya. Halafu lala nao usiku mmoja kama muda unaruhusu, kwa maana sentensi uliyoiandika leo bado unaisoma kwa kumbukumbu ya ulichokusudia.

Baada ya hapo mtafute mtu asiyefanya kazi kwenu. Usimwulize "Umeuonaje?", kwa sababu atakujibu kwa adabu. Mpe kazi: "Umepoteza kadi yako leo asubuhi. Niambie utafanya nini." Mpe simu, si kompyuta yako kubwa ya mezani, kisha unyamaze. Akisita, weka alama mahali hapo. Akikuuliza swali usimjibu; liandike, kwa kuwa ukurasa ndio uliotakiwa kumjibu. Nielsen alipendekeza mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo kwa kila awamu, na hata wawili ni bora kuliko kutompa mtu yeyote.

8. Ukurasa uwe na mwenyewe

Andika mahali fulani, hata kwenye jedwali la ndani ya ofisi, nani anahusika na ukurasa huu na lini ataupitia tena. Taja tarehe ya mabadiliko ya mwisho pale habari inapoweza kuchakaa: malipo, saa za kazi, masharti. Epuka "hivi karibuni", "mwaka huu" na "mpya", kwa sababu ukurasa husomwa miaka mingi baada ya kuandikwa na maneno hayo hugeuka uongo bila mtu kuyagusa.

Huduma ikifutwa, usiuache ukurasa wake ukiendelea kutokea kwenye matokeo ya utafutaji. Andika juu yake kwamba imekoma na utaje kinachofuata, au mwombe fundi aielekeze anwani ya zamani kwenye ukurasa unaochukua nafasi yake. Usiifute tu anwani ile. Viungo vilivyokwisha kutumwa kwenye barua pepe na ujumbe wa simu za watu hutaweza tena kuvisahihisha, na wapo watakaovifungua miezi mingi baadaye.